Soja Mutisya na Pembe ya Wakwe

Mutisya wa Kanyangi alikuwa mtu wa kushuku tangu tumboni. Mama yake alisimulia kwamba mtoto huyo alikataa kutoka siku mbili nzima, na alipotoka hakulia. Alimtazama mkunga kuanzia miguuni hadi kichwani kama anayeuliza: na wewe, nani amekuruhusu humu? Mama aliyasema hayo akicheka, kwa hiyo yapokee hivyo hivyo, na chumvi yake.

Mtu wa namna hiyo akipata kazi ya kulipwa kwa kushuku, amefika kwao. Mutisya alikuwa soja wa ghala la simiti na mabati pale Malili, kando ya barabara kuu, miaka kumi na moja. Nzi wakiingia langoni, aliwahesabu. Wakitoka, aliwapekua chini ya mabawa. Siku moja tajiri mwenye ghala alikuja bila kitambulisho, na Mutisya akamsimamisha nje mpaka mvua ikanyesha, ikakoma, na nyasi zikaota. Tajiri alikasirika kwanza, halafu akamwongeza mshahara.

Lakini anayelinda mlango wa mbele, ubaya humjia na tabasamu. Walikuja saa tisa mchana, watu wanne ndani ya lori, makaratasi safi, mihuri mahali pake. Wakamwita mzee. Wakamuuliza habari ya watoto. Ilikuwa siku moja tu katika maisha yake ambayo Mutisya hakushuku, na siku hiyo walimfunga kwa kamba ya katani nyuma ya magunia ya simiti, wakabeba mabati yote, wakabeba na chupa yake ya chai. Hawakumpiga hata kofi. Alikaa pale akisikia magari yakipita barabarani, kila moja akidhani ndilo limekuja kummaliza, mpaka mtu wa zamu alipomfungua.

Akaacha kazi, akarudi Kanyangi kulima pojo na kuchunga mbuzi. Mwili ulistaafu. Moyo ukakataa kutoka zamu.

Pikipiki ikipita, moyo ulipiga kama mchi kwenye kinu. Jani likianguka, kiganja kiliroa. Alikuwa akikaa kula, ghafla kifua kinabana, pumzi inakuwa fupi, anajua kabisa kwamba sasa anakufa, halafu hafi. Akaanza kushuku chai ya mke wake. Akashuku ua la jirani kwamba linasogea. Kanisani walimwombea Jumapili tatu mfululizo, naye akafumbua jicho moja aone ni nani aliyemwekea mkono kichwani. Jamaa wakamletea mizizi michungu ya kuchemsha. Akaionjesha mbuzi kwanza, na mbuzi yule, watu husema, alipanda juu ya paa akakataa kushuka mpaka mvua za Novemba.

Mke wake Kalekye hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimvisha koti, akampeleka kliniki Kitui mjini.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi aitwaye Sauda. Kabla hajafungua kinywa, Mutisya alimwambia, "Kitambulisho."

Daktari Sauda akavua beji yake shingoni, akampa. Mutisya akaisoma mbele na nyuma, akalinganisha picha na uso, akairudisha.

"Nimefaulu?" daktari akauliza.

"Kwa leo."

Akampima, akamsikiliza, akamuuliza mambo ambayo Mutisya hakuwahi kumwambia mtu. Mwishowe akasema, "Mzee, moyo wako ni mzima. Kengele yake ndiyo inalia bila mwizi. Huu ni ugonjwa wa wasiwasi, na unatibika. Vidonge hivi vitanyamazisha kengele kidogo. Kuitengeneza yenyewe ni maongezi, kwa hiyo utakuwa ukija tuongee. Hivi si vya maisha. Ni vya muda, mwili usije ukavizoea. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Si viwili kwa sababu siku imekuwa mbaya. Si sifuri kwa sababu siku imekuwa nzuri."

"Na nikiviona havifai?"

"Unakuja kuniambia mimi, huamui peke yako. Usipande mti wala usiendeshe pikipiki mpaka tujue vinakufanyaje. Usimpe mtu, hata akilia. Na pombe, hata tone."

"Hata ya kanisa?"

"Kanisa lenu linakunywa pombe?"

"Hapana. Nauliza tu."

Kalekye akaangalia dari. Daktari Sauda akamsogelea Mutisya. "Dawa hii inauambia mwili tulia. Pombe nayo inauambia mwili tulia. Zikikutana, mwili unaweza kutulia mpaka ukasahau kupumua. Umesikia, mzee? Na jambo la mwisho. Kwenu mnavuna asali. Mtu akiwa juu kwenye mzinga, anashukaje?"

"Tawi kwa tawi."

"Hakuna wanaoruka?"

"Wako. Mmoja anatembea na fimbo, mwingine tulimzika."

"Basi dawa hii ni hivyo. Siku ya kuacha, nitakushusha mimi, tawi kwa tawi. Usiruke."

Mutisya akaenda nazo nyumbani, hakuziamini. Alizinusa. Alimeza kidonge cha kwanza akakaa kwenye kigoda uani kutwa, mikono magotini, akikingoja kijitokeze kifanye vitimbi. Kidonge hakikufanya vitimbi. Baada ya siku chache alilala mchana mmoja chini ya ukuta, usingizi mzito mpaka kuku akataga kwenye kofia yake, na alipoamka alishuku kuku, lakini kifua kilikuwa chepesi. Pikipiki ilipita. Moyo uliuliza, nani huyo? Halafu ukakaa chini.

Akavificha ndani ya tochi yake ndefu ya usoja, pale yanapokaa mawe ya betri, kifuniko kikakazwa na kutundikwa juu ambapo mkono wa mtoto haufiki. Aliyejua ni Kalekye peke yake, na kila Jumapili usiku, kidonge cha jioni kikishamezwa, Kalekye alivimwaga kwenye kanga, akavihesabu, akavirudisha. Mutisya alisema mwanamke huyu angekuwa soja mzuri. Wiki zikapita. Walipokwenda Kitui mara ya tano, daktari aliondoa kidonge cha asubuhi, akaacha cha jioni. Tawi la kwanza.

Na hapo ndipo posa ilipokuja.

Kavindu, kifungua mimba wao, alikuwa fundi wa nguo sokoni Kanyangi. Aliyempenda aliitwa Muindi, kijana wa Kambu upande wa Makueni, aliyeuza vitunguu na matikiti maji kwa wasafiri wa barabara ya Mombasa. Muindi hakuwa na neno. Neno lilikuwa baba yake, Mzee Nthiwa.

Nthiwa alikuwa mfuga nyuki, na kama kulikuwa na mtu wa kumshinda Mutisya kwa kushuku, ni yeye. Inasemekana aliwajua nyuki wake kwa majina, na jioni alisimama chini ya mzinga akiita orodha. Ukoo wake ulikuwa na desturi moja ambayo haikuguswa. Siku ya ntheo, siku ile ya kupeleka mbuzi kwa kina msichana ili ndoa ihesabiwe ndoa, baba wa mvulana huja na pombe ya asali aliyoipika kwa mikono yake, na baba wa msichana hunywa pembe ya kwanza. Haionji. Anaimaliza, anaigeuza, tone lisianguke. Kisha mbuzi wanachinjwa. Akibakisha, amesema kwa kinywa chake: nakushuku. Mbuzi wanarudi kwao na maneno yamekwisha.

Na Nthiwa hakuwa mtu wa kutishia bure. Kaka yake Muindi aliposa kwa watu wa Kibwezi. Baba wa msichana akanywa nusu pembe, akasema tumbo linamuuma. Nthiwa akapakia mbuzi kwenye gari, akaondoka bila kwaheri. Kijana yule mpaka leo anajipikia.

Kalekye alijaribu. Alimpigia simu Nthiwa, akamwambia kwa heshima kwamba nyumba yao ni ya wokovu, watatumia soda.

"Soda ni ya watoto na ya pasta," Nthiwa akajibu. "Pasta nitamletea kreti nzima, apige kelele ya kucheua mpaka mbinguni. Baba Kavindu atakunywa pembe. Ama kuna kitu mnanificha?"

Kilikuwepo, lakini Mutisya angemwambiaje? Alikuwa amekipiga hesabu kila upande. Akisema anameza dawa ya wasiwasi, Kambu nzima ingesikia kabla ya vitunguu kushushwa: nyumba ile kuna wazimu. Watamtazama Kavindu akicheka peke yake, watanong'ona. Mtoto wake atarudishwa kama bati lililotoboka. Na akinywa pembe huku anameza vidonge, aliyasikia ya daktari.

Basi akafikiri kisoja. Watu wawili hawatakiwi kukutana langoni? Mmoja atoke, mwingine aingie. Ntheo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu jioni alipeleka mkono kinywani, akanywa maji, akakirudisha kidonge ndani ya tochi. Kalekye alikuwa akikoroga muthokoi wa mahindi jikoni, hakuona.

Jumanne alikuwa mzima kama ng'ombe. Akajisifu moyoni kwamba ameruka toka juu na miguu yote iko.

Jumatano usingizi ukakimbia. Alhamisi mikono ikaanza kucheza yenyewe, jasho likimtoka akiwa kivulini. Moyo ukarudi zamu, na safari hii ulikuja na jeshi. Kila sauti ilikuwa kubwa, kijiko kikigonga sufuria alisikia chuma cha Malili. Kuku wakikusanyika, wananong'ona juu yake. Akaanza kujiuliza: kwa nini Nthiwa anang'ang'ania ninywe mimi kwanza? Apike yeye, ninywe mimi? Kuna nini ndani ya asali ile? Na Kalekye, mbona alimpigia simu? Walizungumza nini kingine?

"Baba Kavindu, unatetemeka," Kalekye akasema.

"Baridi."

"Baridi ya mwezi wa kumi? Yai linakaangika juu ya bati!"

"Nimesema baridi. Unaniuliza kama nani?"

Kalekye akarudi jikoni. Hakuwa amekubali.

Jumamosi asubuhi pikapu ya Muindi ikaingia, inanuka vitunguu, mbuzi watatu nyuma, na katikati ya wazee wanne, amekumbatia kibuyu kikubwa kama mtoto mchanga, Mzee Nthiwa. Aliteremka, akatazama boma lote, akatazama mpaka ndani ya choo. Wakasalimiana. Mutisya alitoa mkono, na Nthiwa aliushika muda mrefu kuliko salamu.

"Mkwe, mkono wako umelowa."

"Nilikuwa nanawa."

"Mh," akasema Nthiwa.

Wakaketi duara chini ya turubai. Wanawake walikuwa upande wa jiko, Kavindu mlangoni na leso yake mpya, hapumui. Mbuzi wamefungwa kando, kisu kimenolewa. Pasta wa watu alikuwa ameshakabidhiwa kreti, akaketi mbali nayo kidogo, asije akasingiziwa.

Kalekye alikuwa bado na neno la mume wake la "baridi" kooni. Mume alikuwa amekataa chai, amekataa uji. Akaingia chumbani, akaishusha tochi, akamwaga kwenye kanga. Jumapili vilikuwa kumi na vitatu. Leo vilipaswa kuwa vinane. Akahesabu mara mbili. Kumi na vitatu.

"Mwaitu! Mama yangu!" alisema peke yake, na mkono wake ukatafuta simu.

Daktari Sauda aliipokea. Alisikiliza, kisha akasema maneno machache, polepole, ili yashikike. "Asinywe pombe, hata ya kulamba. Asivimeze vyote alivyoviruka kwa pamoja, atajiumiza. Mlete leo, si kesho, niko hapa mpaka jioni. Akianza kukakamaa au kuweweseka njiani, ingieni hospitali yoyote iliyo karibu. Mama, kuacha ghafla kunaweza kumwangusha kifafa mtu ambaye hajawahi kuwa nacho."

Mwanamke haingii duara la wazee siku ya ntheo. Lakini wazee hawali bila kunawa. Kalekye akachukua beseni na birika, akapita katikati yao akiwa ameinama, alipofika kwa mume wake akapiga magoti na kumwaga maji.

"Jumapili vilikuwa kumi na vitatu," alimnong'oneza. "Na leo ni kumi na vitatu."

"Nani amekutuma?"

"Watoto wanne niliokuzalia ndio wamenituma. Daktari anasema ukinywa hiyo, ni wewe na kaburi. Anakungoja leo."

Nthiwa alikuwa ameshafungua kibuyu. Akajaza pembe mpaka mdomoni, harufu ya asali ikatembea duara zima. Akaonja kidogo yeye, kuonyesha kwamba mkono wake ni safi, akaipitisha kwa Mutisya.

Pembe ilipofika mikononi mwake ilianza kucheza. Pombe ikamwagika kidoleni, ikashuka kwenye kiwiko. Wazee wote wakaona.

"Unatetemeka nini?" Nthiwa akauliza. "Nimeonja mbele yako. Ama wewe ndiye umetuwekea kitu katika boma lako, sasa dhamiri inakusuta?"

"Ngoja kidogo."

"Kibwezi nao waliniambia ningoje kidogo." Nthiwa akamgeukia mwanawe. "Muindi, gari lina mafuta?"

Jikoni mtu aliangusha mwiko. Mutisya akamwona Kavindu, uso wake umekauka kama ngozi iliyowambwa. Akaitazama pembe. Moyo ulikuwa unapiga masikioni, na kichwani mwake kila mtu alikuwa mwizi: Nthiwa, Kalekye, daktari, pasta na kreti yake. Alitafuta mmoja wa kumwamini, hakumwona. Ndipo usoja wake wa miaka kumi na moja ukamuuliza swali moja la kikazi. Mutisya, ukianguka hapa ufe, pembe hii ikiwa mkononi, polisi wakija watamshika nani?

Akainua kichwa. "Mkwe, nikinywa hii, wewe utafungwa."

"Ati nini?"

"Utafungwa. Nitakufa, na watasema ni asali yako. Hutaniua wewe, lakini utafungwa. Kavindu ataolewa na mtoto wa mtu aliyeua baba yake." Akaiweka pembe chini kwa mikono miwili. "Niko na dawa. Ya wasiwasi. Nilifungwa na wezi Malili, na tangu siku ile moyo wangu haujafunguliwa. Daktari alinikataza pombe. Nikaona aibu mbele yako, nikaacha dawa tangu Jumatatu ili ninywe pembe yako. Sasa ndiyo unaona nikitetemeka. Si dhamiri. Nimeruka toka juu ya mti."

Hata mbuzi wakaacha kutafuna. Kisha Nthiwa akanyosha mkono. "Nionyeshe hiyo dawa."

Kalekye akaileta, tochi na vyote. Nthiwa akavimwaga kiganjani, akavinusa, akampa Mzee Ndolo, mmoja wa wazee aliokuja nao, aliyekaa karibu naye. Ndolo akampa wa pili. Vikazunguka duara kama ugoro.

"Na hivi vinaleta usingizi?" Ndolo akauliza.

"Vinatuliza."

"Aiya! Mimi sijalala tangu ng'ombe wangu aibwe. Nigawie viwili tu."

"Mimi mgongo," akasema mwingine. "Mgongo pia ni wasiwasi."

"Mimi mke wangu ndiye wasiwasi. Nipe nimwekee kwenye chai."

Wakacheka, mikono ikanyoshwa kutoka kila upande. Na pale palepale, huku mikono yake mwenyewe ikitetemeka, Mutisya akasimama. Sauti iliyotoka haikuwa ya mkulima wa pojo. Ilikuwa ile ya Malili, iliyosimamisha tajiri kwenye mvua.

"Rudi nyuma! Wote! Mikono juu ya magoti!"

Wazee wakaweka mikono magotini kama watoto wa nasari.

"Ndolo, unameza dawa ya presha au humezi? Unajua hizi zikikutana na hizo zitasalimianaje? Hujui. Mimi pia sijui, ndio maana sigawi. Nyinyi mmeshalamba kibuyu huko njiani, ninawasikia mnavyonuka. Dawa hii ilipimwa kwa mwili wangu. Ikiingia mwili wa mtu mwingine ni mwizi." Akavikusanya vidonge, akavihesabu. Akavihesabu tena. "Kumi na viwili."

"Vilikuwa kumi na vitatu," akasema Kalekye.

"Muindi! Lango lifungwe!"

Hakuna aliyecheka sasa. Mutisya alipita mbele ya kila mzee, taratibu, akimtazama macho, halafu mikono, halafu shingo. Akampita Ndolo. Akampita Nthiwa, akarudi, akampita tena, na Nthiwa, ambaye hakuwahi kupekuliwa na mtu tangu azaliwe, alifungua viganja bila kuambiwa. Akafika kwa Mbaluka, mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa amejichotea kibuyuni mara tatu tangu kilipofunguliwa.

"Mbaluka. Fungua mdomo."

Mbaluka akatikisa kichwa, midomo imebana.

"Mbaluka wa mama yetu, tema, au nitakukaba mbele ya wakwe."

Akatema. Kidonge kilikuwa kimeanza kuyeyuka ubavuni mwa ulimi. "Nilitaka tu kujua kikoje," Mbaluka akalalamika. "Kila mtu anataka kulala."

"Pembe tatu na hiki, ungelala mpaka parapanda," Kalekye akamwambia, akamsukumia maji asukutue, mara tatu, na kila mara akamwangalia akitema.

 Nthiwa alikuwa akimtazama Mutisya jinsi anavyomtazama nyuki mgeni mlangoni mwa mzinga. Hatimaye akafunga kibuyu chake kwa gunzi.

"Maneno ni matamu," akasema. "Hata wale wa Kibwezi walikuwa na tumbo. Huyo daktari yuko wapi?"

"Kitui."

"Nitakwenda nimwone. Kama hayuko, mbuzi wangu wanarudi Kambu. Kama yuko, nitamsikia kwa masikio haya. Mbuzi wasiguswe mpaka nipige simu."

Basi watu wakabaki na njaa yao na kisu kilichonolewa. Pikapu ikaondoka, Muindi kwenye usukani, Mutisya katikati ya Kalekye na Nthiwa, wote watatu wameminyana kama vitunguu. Njiani Mutisya alishuku kila daraja. Kalekye alimshika kiwiko, akihesabu pumzi zake kimoyomoyo.

Daktari Sauda alimpima presha, akamwangalia macho, akamwambia anyoshe mikono. Kisha akamuuliza, "Mzee, huyu bwana abaki nikisema, au atoke? Ni habari zako."

Mutisya akamtazama Nthiwa. "Abaki. Akitoka atasikiliza dirishani."

Daktari akasema hatari ilikuwa kubwa kuliko walivyodhani, na kwamba amewahi kabla haijamwangusha. Mutisya angekimeza tena kidonge cha jioni leo chini ya macho yake, apumzike pale wamwangalie, na kushuka kungeanza upya, polepole zaidi, nusu kwa nusu. Vile vilivyopitia midomo na viganja vya wazee akaviweka kando, akampa vingine.

"Na pombe?" Nthiwa akauliza.

"Si leo, si mwezi huu, si ujao. Akimaliza kabisa, aje aniulize kwanza."

"Mh. Na huu wazimu, watoto wa Kavindu wataupata?"

Kalekye alikaza meno. Daktari Sauda hakukasirika. "Wazimu uko wapi, mzee? Mtu alifungwa kamba, mwili wake ukakumbuka. Wewe ukiumwa na nyuki mia leo, kesho ukisikia mlio utakaa?"

"Mimi nyuki hawaniumi."

"Kamwe?"

Nthiwa alikohoa, akatazama ukuta. Akauliza kama kwa niaba ya mtu mwingine, "Na huyo mtu anayesimama chini ya mzinga jioni, hawezi kwenda kulala mpaka awahesabu nyuki wote, naye ana jina la ugonjwa?"

"Mlete huyo mtu, tuongee naye," daktari akasema.

 Nthiwa akatoka nje uani, akachukua simu, akaiweka mbali na sikio kama inayouma. Mutisya, amelala kwenye kitanda chembamba kando ya dirisha, moyo wake ukipunguza mwendo hatua kwa hatua, alisikia kila neno. Alifumba jicho moja tu.

"Ndolo? Chinjeni. Hapana, hakunywa. Nimesema hakunywa, chinjeni wote watatu, huyo msichana ni wetu. Na Ndolo, mtu asiguse figo kabla sijafika. Ziko sita. Nitazihesabu."